Malezi na Ulinzi: Historia ya Bweni la Wanafunzi Kasese na Bwera, Magharibi ya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya malazi ya wanafunzi katika eneo la Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, tangu shule za misheni za enzi ya ukoloni hadi shambulio la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha la mwezi Juni 2023. Hoja kuu ni kwamba bweni la shule liliundwa kwa nia ya kuwazuia wanafunzi wasitoke, na nia hiyo haikubadilishwa hata pale hatari ilipohamia nje ya ukuta. Kwa kulinganisha matukio ya Kiburara, Kichwamba na Lhubiriha na majanga ya moto katika mabweni ya Uganda, Kenya na Tanzania, makala yanaonyesha jinsi malezi na ulinzi yalivyotenganishwa, na jinsi utengano huo ulivyogharimu maisha. Aidha, makala yanajadili nafasi ya Kiswahili katika huduma za wanafunzi wa eneo la mpakani ambako lugha hiyo imejulikana zaidi kwa soko na jeshi kuliko kwa malezi.

Maneno muhimu: bweni, malezi, ulinzi, Kasese, Bwera, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, waasi wa kundi la ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha iliyoko Mpondwe, jirani na Bwera, katika wilaya ya Kasese. Shule hiyo ya binafsi iko chini ya kilomita 2 kutoka mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na jina lake ni la mto Lhubiriha unaozitenganisha nchi hizo mbili. Kwa hesabu iliyotolewa katika siku zilizofuata, watu wasiopungua 42 waliuawa, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi: wavulana 17 waliungua bwenini, wasichana 20 walikatwa mapanga. Mlinzi wa shule aliuawa pia, pamoja na wakazi wa jirani. Wanafunzi kadhaa walitekwa. Wavamizi walipora ghala la chakula cha shule na kuwabebesha mateka mizigo kuelekea msitu wa Hifadhi ya Virunga. Maiti zilipelekwa katika Hospitali ya Bwera, na baadhi zilikuwa zimeungua kiasi kwamba wazazi hawakuweza kuwatambua watoto wao bila vipimo vya vinasaba.

Tukio hili limezungumzwa sana kama suala la usalama wa mpaka, na ni haki lizungumzwe hivyo. Makala haya hayakusudii kurudia mjadala huo. Yanauliza swali jingine ambalo wanahistoria wa elimu katika ukanda wetu wamelipa nafasi ndogo: bweni lenyewe lilifikaje pale lilipo, kwa nani, na kwa masharti gani? Darasa limeandikiwa historia nyingi za mitaala, lugha za kufundishia na mitihani. Mahali anapolala mwanafunzi pameachwa kana kwamba ni ukuta na paa tu, ilhali mwanafunzi wa bweni hukaa humo muda mrefu kuliko anavyokaa mbele ya mwalimu.

2.0 Maneno ya malazi

Ni vema kuanza na istilahi, kwa kuwa kila neno lina historia yake. Kiswahili kina neno bweni, kwa maana ya mahali wanapolala watu wengi pamoja, hasa vijana ambao hawajaanza maisha ya ndoa. Katika matumizi ya shule, neno hili limezaa dhana ya shule ya bweni, kinyume cha shule ya kutwa. Zanzibar hutumia pia dahalia, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kuwa ndani. Hosteli limeingia baadaye, na katika miji ya vyuo limekuja kumaanisha jengo la mtu binafsi linalopangishwa wanafunzi nje ya uzio wa chuo.

Maneno haya matatu yanaonyesha mitazamo mitatu. Bweni lilitokana na jamii: vijana walilala pamoja, lakini ndani ya mji uliowajua na kuwasikia. Dahalia husisitiza mpaka kati ya walio ndani na walio nje. Hosteli husisitiza mkataba: mwenye nyumba hutoa kitanda, mpangaji hutoa kodi. Kuhama kutoka neno la kwanza hadi la tatu ni kuhama kutoka malezi hadi upangaji. Tutaona hapa chini kwamba historia ya Kasese na Bwera imepita njia hiyohiyo.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayohusu hoja yetu. Mlezi na mlinzi ni maneno yanayokaribiana kwa sauti, na katika nyumba ya kawaida kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja: anayemlea mtoto ndiye anayemlinda. Shule ya bweni ilizigawa. Matroni na patroni wakapewa malezi. Askari wa lango akapewa ulinzi. Wa kwanza hujua majina ya watoto lakini hana la kufanya hatari ikija. Wa pili hukaa langoni lakini majina hayajui. Mgawanyo huu ulianza lini, nao ulifikaje milimani Rwenzori?

3.0 Njia ndefu ya kwenda shule

Shule za bweni za Uganda zilianzishwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902 na King's College Budo mwaka 1906. Nia ilikuwa wazi: kumtoa kijana katika mazingira ya kwao na kumjenga upya kwa tabia, ratiba na imani mpya. Bweni lilikuwa chombo kikuu cha kazi hiyo. Pale Budo, nyumba za wanafunzi zilipewa majina ya nchi za himaya ya Kiingereza kama vile Kanada na Australia, hata kijana akalala kila siku chini ya ramani ya dola. Katika nchi ya Toro, shule ya Nyakasura ilianzishwa mwaka 1926 karibu na Fort Portal na mwanajeshi wa majini wa Kiingereza, ambaye aliwavisha wanafunzi wake sketi za Kiskoti. Nidhamu ya bweni ilikuwa ya kengele, foleni na mlango unaofungwa kwa saa maalumu. Aliyeogopwa ni mwanafunzi atakayetoroka. Adui atakayeingia hakufikiriwa.

Kwa Wakonzo wa milimani na wa nyanda za Kasese, bweni lilikuwa na maana ya ziada. Shule za juu zilikuwa Fort Portal, takriban kilomita 75 kutoka mji wa Kasese na mbali zaidi kutoka Bwera. Eneo lao lilikuwa chini ya ufalme wa Toro, na lugha ya shule na kanisa ilikuwa Kitoro. Mtoto wa Kikonzo aliyepata nafasi ya kusoma alikwenda kulala katika nyumba ya wengine, akisema lugha ya wengine. Uchache wa shule, wa nafasi na wa ufadhili wa masomo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa harakati za Rwenzururu. Si bure kwamba kiongozi wake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu. Mwaka 1954 alianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo, na tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ikatangaza kujitenga. Mgogoro uliofuata haukupata suluhu hadi mwaka 1982, ingawa Kasese ilikwisha kupewa hadhi ya wilaya katika miaka ya 1970.

Wakati huohuo Kasese yenyewe ilikuwa ikikua kwa sababu nyingine. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese na uchimbaji wa shaba wa Kilembe ukaanza. Wafanyakazi walitoka pande nyingi na kuishi katika nyumba za kampuni, na Kiswahili kikapata nafasi kazini na sokoni. Hivyo eneo hili lilijua mapema aina mbili za malazi ya pamoja: bweni la misheni na kambi ya mgodi. Zote mbili zilisimamiwa kutoka juu, na katika zote mbili mlalaji hakuwa na sauti juu ya mlango wake.

Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa karne. Katika chuo kikuu cha Makerere, serikali ilianza kuondoa posho za wanafunzi. Mgomo wa Desemba 1990 uliishia kwa wanafunzi wawili kuuawa kwa risasi za polisi. Baadaye wanafunzi wa kujilipia walipoanza kupokelewa kwa wingi, hosteli za watu binafsi zikaenea kuzunguka chuo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997 na ule wa sekondari mwaka 2007. Mipango hiyo ilifungua milango ya madarasa, lakini gharama ya kulala na kula ilibaki kwa mzazi. Wahitimu wa shule za msingi waliongezeka, sekondari za serikali hazikutosha, na pengo likajazwa na shule za binafsi, za makanisa na za wafadhili kutoka nje. Lhubiriha, iliyojengwa kwa msaada wa Wakanada, ni moja ya shule hizo.

Katika milima ya Rwenzori, mzazi alichagua bweni kwa sababu zinazoeleweka. Njia ni za mteremko na mito hufurika. Nyamwamba ilifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ikaharibu hata Hospitali ya Kilembe. Msichana anayetembea saa mbili alfajiri na saa mbili jioni yumo hatarini. Vilevile, nyumbani hakuna taa ya kusomea. Kwa hiyo bweni lilinunuliwa kama kimbilio. Mzazi wa Bwera aliyeuza kahawa yake kulipa ada ya bweni alikuwa ananunua usalama pamoja na elimu. Hapo ndipo uzito wa yaliyotokea unapoonekana.

4.0 Kimbilio lililogeuzwa shabaha

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe wakitokea upande wa Kongo, na kwa miaka kadhaa iliyofuata vita vilitanda katika milima ya Rwenzori. Maelfu ya watu walihama makazi yao. Katika vita hivyo shule za bweni zilikuwa na vitu vitatu ambavyo waasi walivihitaji: vijana wengi mahali pamoja, chakula ghalani, na umbali kutoka kambi za jeshi.

Mwaka 1997 wanafunzi wa Seminari ya Mtakatifu Yohana, Kiburara, katika wilaya ya Kasese, walitekwa kutoka shuleni kwao. Tarehe 8 Juni 1998 ilikuwa zamu ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Waasi walichoma mabweni yenye wanafunzi ndani. Wanafunzi 80 waliteketea, na wengine wapatao 100 walichukuliwa mateka, ambao wengi wao hawakurudi. Kila mwaka, tarehe hiyo, jamaa hukusanyika chuoni kuwakumbuka.

Kutoka Kichwamba hadi Lhubiriha ni miaka 25 na siku 8. Katika muda huo mtoto aliyezaliwa mwaka wa tukio la kwanza angeweza kumaliza shule, kusomea ualimu na kuwa patroni wa bweni. Swali la kihistoria ni hili: kizazi hicho kilirithi nini kutoka Kichwamba? Kilirithi kumbukumbu na maombolezo. Ramani ya bweni haikubadilika: ukumbi mrefu, vitanda vya ghorofa, madirisha madogo au yenye nondo, na mlango wa kutokea usiozidi mmoja au miwili.

Jambo hili si la Rwenzori peke yake. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya kilivamiwa alfajiri na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliokutwa katika mabweni na sala ya asubuhi. Garissa, kama Bwera, ni mji wa pembezoni ulioletewa elimu ya juu kwa kuchelewa. Katika miji yote miwili taasisi ilitangulia, huduma zake zikafuata polepole, na ulinzi ukaja mwisho.

5.0 Makufuli matatu

Ili kuelewa kwa nini mabweni yamekuwa mitego, inafaa kuyalinganisha mashambulizi hayo na majanga ya moto yasiyohusiana na vita. Tarehe 18 Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliungua katika shule ya Shauritanga, Rombo, nchini Tanzania. Tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Moto ulikuwa umewashwa kwa makusudi, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Aprili 2008 wasichana 19 walikufa katika shule ya msingi ya Budo, Uganda, katika bweni ambalo milango yake ilikuwa imefungwa. Mwezi Oktoba 2022 watoto 11 walikufa katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Mwezi Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Endarasha, Nyeri.

Tukiyapanga matukio haya pamoja na yale ya Rwenzori, tunaona aina tatu za kufuli. La kwanza ni kufuli la nidhamu, linalofungwa na mlezi ili wanafunzi wasitoke usiku. Hili ndilo la Budo na Kyanguli. La pili ni kufuli la adui, linalofungwa na mvamizi ili walio ndani wasiokoke. Hili ndilo la Kichwamba. La tatu ni kufuli la woga, linalofungwa na wanafunzi wenyewe kumzuia mvamizi. Pale Lhubiriha wavulana walijifungia, na wavamizi waliposhindwa kuingia wakawasha moto. Wasichana ambao mlango wao ulifunguka walikutana na mapanga.

Makufuli haya yana nia zinazopingana kabisa: la kwanza limefungwa kwa upendo wenye ukali, la pili kwa chuki, la tatu kwa kujiokoa. Hata hivyo matokeo yake ni mamoja, kwa sababu jengo ni moja. Bweni lenye njia moja ya kutokea halimwachii aliye ndani uamuzi wowote. Humkabidhi kwa yule mwenye ufunguo, au kwa yule aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo kusema kwamba Lhubiriha ni suala la kijeshi tu na Budo ni suala la uzembe tu ni kukosa kuona kinachoyaunganisha.

Itasemwa kwamba hakuna mlango wa dharura unaoweza kumshinda mtu mwenye bunduki. Ni kweli, na makala haya hayadai kwamba ujenzi bora ungewaokoa wote. Lakini madirisha yasiyo na nondo na mlango wa pili nyuma ya jengo huwapa baadhi yao nafasi ya kukimbilia gizani, na baadhi ni watoto wenye majina. Kenya ilijifunza somo hilo kwenye karatasi: mwongozo wake wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, kuwe na mlango kila upande wa bweni, na madirisha yasiwe na nondo. Endarasha inaonyesha kwamba kanuni pekee haitoshi bila mkaguzi anayefika. Uganda nayo ina viwango vya chini vya shule. Tatizo ni kwamba ukaguzi huhesabu madarasa na vyoo mchana, na bweni hutumika usiku.

6.0 Lugha ya malezi mpakani

Kwa mtafiti wa lugha, kuna upande mwingine wa huduma za wanafunzi unaostahili kuangaliwa. Mwanafunzi wa Bwera huishi katika lugha kadhaa. Nyumbani ni Kikonzo, ambacho jamaa zake Wanande ng'ambo ya mto hukielewa bila mkalimani. Darasani ni Kiingereza. Katika soko la Mpondwe, wafanyabiashara wanaotoka Kasindi huleta Kiswahili cha Kongo. Kiswahili ni pia lugha ya askari, kwani jeshi na polisi wa Uganda wamekitumia tangu enzi za ukoloni, na kwa Waganda wengi wa vizazi vilivyopita lugha hii ilifika ikiwa na amri: simama, kaa chini, fungua mlango.

Katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukakiingiza madarasani, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima. Haya ni maendeleo tunayoyashangilia katika makongamano yetu. Lakini tuzingatie hali ya mtoto aliyelala bwenini mpakani, anayesikia sauti ya Kiswahili nje ya dirisha usiku wa manane. Hawezi kujua kwa lugha pekee kama ni mwokozi au mvamizi, kwani lugha hiyo ni ya askari wa upande huu na ya watu wa upande ule pia. Lugha ambayo shule inamfundisha kwa insha na ngeli bado haijapewa kazi ya kumtuliza.

Mapendekezo ya makala haya upande wa lugha ni machache na yanawezekana. Mazoezi ya dharura yafanywe kwa lugha zote ambazo wanafunzi wanazielewa, kwa maneno mafupi yaliyokubaliwa na kujulikana na matroni, walinzi na askari wa eneo. Mlinzi ashiriki mwito wa majina wa jioni ili awajue wanaolala, na matroni ajue njia za kutokea kama anavyojua orodha ya vitanda. Ushauri nasaha kwa walionusurika utolewe katika lugha wanayoiotea ndoto. Mtoto aliyetoka chini ya maiti za wenzake hawezi kutakiwa kutafuta msamiati wa Kiingereza kwanza ndipo asikilizwe.

7.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya watu walionyimwa bweni: Wakonzo waliotembea mbali kutafuta shule, wakalala katika nyumba za lugha nyingine, na hatimaye wakadai shule kama sehemu ya uhuru wao. Sura ya pili ni ya watu waliolipata bweni likiwa limekwisha kuachwa na dola mikononi mwa soko na wafadhili, katika mpaka usiotulia. Kwa sababu hiyo, kufunga mabweni ya Kasese na Bwera lisingekuwa jibu. Kungemrudisha mtoto wa mlimani katika njia ileile ndefu ambayo babu zake waliilalamikia.

Kinachohitajika ni kuunganisha tena kazi mbili zilizotenganishwa. Malezi bila ulinzi yamewaacha matroni na patroni wakiwa mashahidi wa vifo wasivyoweza kuvizuia. Ulinzi bila malezi umetuletea nondo na makufuli. Utamaduni wa Kiswahili una adabu ndogo inayoweza kutuongoza: anayefika hupiga hodi, na uamuzi wa kufungua ni wa aliye ndani. Mabweni yetu yamejengwa kwa miaka zaidi ya 100 kana kwamba aliye ndani hana uamuzi. Wavulana wa Lhubiriha walijaribu kuutumia uamuzi huo kwa kujifungia, na jengo halikuwaachia njia nyingine. Watakaolala Bwera usiku wa leo wanastahili jengo lenye njia hiyo, na mtu mzima wa karibu anayeyajua majina yao.